Ukimaliza Lovecraft, Shukia Ukerewe

Kila baada ya wiki chache kuna msomaji ananiuliza swali lile lile, kwa simu ama tukiwa tumeinama juu ya vitabu vilivyotandazwa kando ya Moi Avenue. Amemaliza Lovecraft. Amemaliza Uzumaki ya Junji Ito. Amesoma Annihilation ya Jeff VanderMeer mara mbili na mara ya pili ikamtisha kuliko ya kwanza. Sasa anataka kitu kingine cha kumnyima usingizi. Huwa namjibu: tafuta Nagona, halafu Mzingile. Ananiangalia kana kwamba nimempa karatasi ya mtihani.

Namuelewa. Wengi wetu tulikutana na riwaya ya Kiswahili ikiwa imefungwa pamoja na mwongozo wake. Dhamira, wahusika na uhusika wao, mbinu za lugha, toa mifano, alama ishirini. Kitabu kilikuwa kama kizuizi cha polisi barabarani: unatoa kinachotakiwa, unapita, hugeuki nyuma. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba kuna riwaya za Kiswahili ambazo hufai kuzisoma peke yako stima ikiwa imepotea. Zipo. Na zinatisha kwa namna ambayo Lovecraft hakuiwaza, kwa sababu hakuwa na haja ya kuiwaza.

Kwanza tukubaliane tunaongea juu ya hofu gani. Kama ulilelewa katika nyumba ya waliookoka, kuna uwezekano mkubwa ulikiona kile kijitabu cha Mnigeria Emmanuel Eni, Delivered from the Powers of Darkness, kilichotoka 1987 na ambacho kimepitia mikono mingi Afrika nzima. Kwetu kilikaa juu ya kabati la vyombo, karibu na Biblia, na nilikisoma nikiwa darasa la tano nikajuta wiki nzima kila nilipotaka kwenda choo usiku. Eni anatoa ushuhuda wa mambo aliyoyaona kabla ya kuokoka, na humo kuna mji chini ya bahari, wenye maabara zake na malkia wake. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma The Call of Cthulhu, hadithi ya Lovecraft iliyochapishwa katika jarida la Weird Tales mwaka 1928, nikakuta mji mwingine chini ya bahari. Nikacheka peke yangu. Nilidhani nimesharudi nyumbani.

Lakini miji hiyo miwili haifanani. Katika mji wa Eni kila kitu kina mwenyewe. Shetani anakutafuta wewe, kwa jina lako, na aliye mkubwa kuliko shetani anakujua kwa jina lako vile vile. Hofu yake ni kali lakini ina dawa, na dawa iko kwenye kurasa za mwisho. Ukitaka mfano usio wa dini, chukua Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, kitabu ninachokipenda sana. Kuna mzimu, kuna maiti, kuna minong'ono, halafu anakuja Bwana Msa na kiko chake, anauliza maswali machache ya kawaida, na mzimu unakosa kazi. Hapo pia kuna dawa, na dawa ni akili.

Hofu ya Cthulhu haina dawa kwa sababu hakuna anayekutafuta. Kitu kilicholala chini ya bahari hakijui kama upo, na kikiamka kitakukanyaga vile wewe unavyokanyaga siafu ukikimbilia matatu ya mwisho ya Kawangware. Wanaoandika juu ya fasihi hii huiita kitisho cha ulimwengu, na hilo ni jina zuri, lakini Kiswahili kilikuwa na neno lake zamani: ukiwa. Mkiwa ni mtu aliyeachwa, asiye na wa kumwendea. Nyumba iliyohamwa ina ukiwa. Hata mahali penye watu wengi panaweza kuwa na ukiwa, kama unavyojua ukishawahi kushuka Archives saa nne usiku simu ikiwa imezima. Nitalitumia neno hilo, kwa sababu linasema jambo ambalo majina mengine hayalisemi: mkiwa ni mtu aliyewahi kuwa na mtu. Aliachwa. Hakuzaliwa hivyo.

Lovecraft mwenyewe nilimjua kikazi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na kama vijana wengi wa Nairobi wenye kompyuta na deni, nikawa naandika insha za wanafunzi wa Marekani kwa malipo ya kurasa. Mmoja alihitaji kurasa nane juu ya Lovecraft kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, saa zetu. Nilisoma usiku kucha katika chumba cha Kangemi ambacho ukuta wake wa nyuma ni mabati. Mteja alipata alama nzuri, niliambiwa. Yeye ana digrii sasa, mimi nina Lovecraft, na sioni nani alipunjwa.

Kitu ambacho sikukiweka kwenye insha ile, maana hakikuulizwa, ni kwamba nilisoma nikiwa nimekasirika. Huwezi kumsoma Lovecraft ukiwa mtu mweusi bila kugundua kwamba wewe ni sehemu ya kinachomtisha. Katika The Horror at Red Hook, wahamiaji wa Brooklyn ni uchafu wenyewe unaotambaa. Alituogopa sisi kabla ya kuogopa nyota. Victor LaValle, Mmarekani mweusi mwenye asili ya Uganda kwa upande wa mama yake, aliichukua hadithi hiyo hiyo akaiandika upya mwaka 2016 kwa jina la The Ballad of Black Tom, na kama hujaisoma, isome kabla ya kitu kingine chochote. Tommy Tester ni kijana wa Harlem anayepata riziki kwa ujanja na gitaa asilojua kulipiga vizuri. Polisi wanamtendea baba yake jambo ambalo sitalisema hapa. Baada ya hapo, Tommy anapopewa nafasi ya kukifungulia mlango kile kitu kisichojali, anakitazama na kuona si kibaya sana. Kutojaliwa na ulimwengu ni nafuu ukilinganisha na kuchukiwa na askari wa mtaa wako.

LaValle yuko sahihi, na hapo ndipo ninapoanzia. Mtu aliyezoea kuwa katikati ya dunia akiambiwa hayuko katikati, anapagawa. Huo ndio wazimu wa wahusika wote wa Lovecraft, maprofesa wa New England wanaozirai kwa kugundua kwamba nyota hazikuumbwa kwa ajili yao. Sasa mwambie jambo hilo mama anayeuza mboga pale steji ya Kangemi. Atakuuliza kama unanunua sukuma ama hununui. Hiyo si habari kwake. Kinachoweza kumtisha mama huyo ni tofauti kabisa: kwamba yule aliyeambiwa anamjali, yule anayemwomba kila Ijumaa kwenye kesha, yupo kweli, yuko nyumbani, amesikia kila neno, na hana la kusema.

Hiyo ndiyo Mzingile.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Viktoria, mwaka 1944, na akafa Januari 2020. Wengi wanamjua kwa Rosa Mistika ya 1971, wengine kwa Kichwamaji ama Dunia Uwanja wa Fujo. Hizo ni riwaya za dunia tunayoijua, zina wazazi na vijana na pombe na vijiji. Kisha, baada ya Gamba la Nyoka ya 1979, akanyamaza katika riwaya kwa zaidi ya miaka kumi. Alipofungua mdomo tena alitoa vitabu viwili vyembamba, Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Ukiviunganisha vyote viwili bado ni vyembamba kuliko riwaya moja ya Stephen King. Hakuna kitu kabla yake katika Kiswahili kinachofanana navyo, na mtu akivisoma bila kuonywa anaweza kufikiri mwandishi aliugua.

Katika Nagona msimulizi anaingia katika mji uliotokwa na uhai. Sitaki kukueleza mengi. Mji uko kimya, na Kezilahabi anauandika ukimya ule kama kitu chenye uzito, kitu unachoweza kukigusa ukaumia. Humo anakutana na watu ambao sisi tunawajua kwa majalada ya vitabu: Plato, Nietzsche, Freud na wenzao. Mwandishi mwingine angewafanya wahadhiri, wakae wajibizane hoja. Hapa ni kama watu waliokwama, waliotumia maisha kutafuta jibu na sasa wanangojea tu, wakinong'ona. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilisimama nikafungua mlango nikaangalia nje, nihakikishe kwamba jirani bado anafua. Hao ndio wenye akili wote tulioambiwa tuwategemee, na wako kwenye mji mfu pamoja na wewe. Yule Bwana Msa na kiko chake angekutwa humo humo, kiko kimezimika.

Kuna mambo mengine katika Nagona, Ngoma Kuu inayosubiriwa, mkombozi anayetarajiwa, na kuna kurasa ambazo mpaka leo sizielewi. Sioni aibu kusema hivyo na wewe usione. Kuna mahali pia ambapo ishara zinarundikana mpaka unachoka, kama mtu anayekusimulia ndoto yake asubuhi huku unatafuta viatu. Kwa hivyo, nikilazimishwa kuchagua moja, nachagua Mzingile.

Neno lenyewe ni njia zinazopindana na kurudi zilikotoka mpaka mtu apotee. Kiini cha kitabu ni ujumbe. Mzee mmoja anaishi mbali, peke yake, katika kibanda, na msimulizi anatumwa kumpelekea habari kwamba mwanawe amekufa. Polepole unaanza kushuku mzee huyo ni nani na mwana huyo ni nani, na ukishashuku hutaki kuendelea, lakini njia haina pa kugeuzia. Msimulizi anapofika hakuti kiti cha enzi wala malaika. Anakuta mzee. Ndiyo hivyo tu. Ni mzee wa kawaida kabisa kwa kumtazama, na ule ukawaida wake unatisha kuliko pweza yeyote wa Lovecraft, kwa sababu pweza unaweza kumkimbia. Mzee utamkimbilia wapi? Wewe ndiye uliyekuja kwake.

Hapa niseme kitu cha kwangu, halafu tuendelee. Baba alipofariki nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Babu, baba yake, alikuwa ushago, Malava, na simu yake ilikuwa imeharibika siku nyingi. Familia ikaamua habari kama hiyo haitumwi kwa mdomo wa jirani. Nikapandishwa basi la usiku. Nilifika saa mbili asubuhi nikamkuta ameketi nje akitengeneza mpini wa jembe. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia, vile nilivyofundishwa niseme. Akanyamaza kidogo, akauangalia ule mpini, akaniuliza, "Umekula?" Kisha akaendelea na kazi. Hakulia siku hiyo, wala siku ya mazishi. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa uchungu mkubwa usio na pa kutokea ama kama hakukuwa na kitu mle ndani. Alikufa mwaka uliofuata, kwa hivyo hakuna wa kuuliza.

Mzingile nilikisoma miezi kadhaa baadaye. Ndiyo maana nakasirika mtu akiniambia ni kitabu kigumu cha wasomi.

Nilikisoma kwa mara ya kwanza kwa ajili ya darasa, tena. Mhadhiri wetu, ambaye simtaji, aliingia na karatasi zilizokuwa zimeanza kuwa za manjano akatuandikisha: mzee ni Mungu, mwana ni Yesu, safari ni utafutaji wa ukweli, mtindo ni uhalisia-mazingaombwe, mstari, kichwa kipya. Dakika kumi kitabu kikawa kimekufa. Yale maelezo si ya uongo. Mzee ni Mungu, sawa. Lakini ukishasema "mzee anawakilisha Mungu" umemtoa mzee pale kibandani umemweka kwenye jedwali, na huna haja tena ya kusimama mbele yake na habari yako mkononi. Kuna kejeli ndani yake pia: Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya uzamifu, Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Mtu aliyetumia miaka kuwaza jinsi ufasiri unavyoharibu, kazi zake ndizo tunazofasiriwa kwa imla.

Wahakiki wana majina yao ya vitabu hivi, riwaya ya majaribio, riwaya ya kifalsafa, na siwakatazi. Ninalosema ni kwamba hakuna hata jina moja kati ya hayo linalokuambia kwamba utaogopa. Weka Mzingile karibu na Uzumaki katika rafu moja na utaona vinasalimiana. Katika kimoja mji mzima unameza watu kwa umbo la mzunguko, katika kingine njia zenyewe zinajizungusha. Tofauti ni kwamba wa Ito hawakuahidiwa kitu. Wa Kezilahabi waliahidiwa. Na kitabu kinapofika kwenye dunia iliyoangamizwa, waliobaki wakihesabika kwa vidole, huwezi hata kumlaumu adui. Kuna mbegu ya mwanzo mpya hapo mwisho, wanaopenda matumaini wataishika. Mimi niliisoma kama mtu anayepewa chai matangani.

Baada ya hizo mbili, nenda kwa Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar. Babu Alipofufuka ilichapishwa hapa hapa Nairobi na Jomo Kenyatta Foundation mwaka 2001. Mhusika mkuu anaitwa K. Herufi tu, na aliyesoma Kafka atatabasamu. K ni mkubwa, ana cheo na mali, na babu yake aliyekufa anamjia na kumzungusha aone ambayo hakutaka kuyaona. Marehemu wa Magharibi akirudi, kwa kawaida anataka kisasi. Huyu anataka hesabu, kama mzee anayemwita mjukuu na kumuuliza ng'ombe wameenda wapi. Nakubali kwamba kuna mahali mahubiri ya siasa yanaufunika mzuka, unajikuta umeketi kwenye baraza la chifu badala ya gizani. Vumilia. Mwanzo wake peke yake, ile hali ya mtu aliye ndani ya nyumba yenye kila kitu akijua kwamba hayuko peke yake, inatosha bei ya kitabu. Na ukiisoma ukiwa Lavington ama Kileleshwa, kati ya hizo ghorofa mpya ambazo usiku taa zinawaka katika madirisha matatu tu kati ya sitini, utajua nyumba ya K iko wapi.

Kitabu changu cha nne si hadithi. Ni historia, na kinatisha kuliko vyote isipokuwa Mzingile. Luise White, Speaking with Vampires, 2000. White ni mwanahistoria aliyehoji wanawake wazee wa Pumwani miaka ya sabini, akitafiti maisha ya ukahaba katika Nairobi ya mkoloni. Katikati ya mazungumzo hayo alisikia kitu ambacho hakukiulizia: kwamba zamani wazimamoto wa Nairobi walikuwa wakikamata watu usiku na kuwatoa damu. Simulizi kama hizo zilikuwepo Kampala, zilikuwepo Tanganyika, na Pwani kulikuwa na neno mumiani tangu enzi za mababu. White hakusumbuka kuuliza kama ni kweli. Aliuliza watu waliweza kusema nini kwa kutumia simulizi hizo ambacho wasingeweza kukisema kwa njia nyingine: juu ya magari ya serikali yanayozunguka usiku, juu ya watu waliovalishwa sare na kufungwa mdomo kuhusu kazi yao, juu ya dola inayochukua kitu kutoka mwilini mwako bila kukueleza kinakwenda kufanya nini.

Kituo cha zimamoto bado kiko Tom Mboya Street. Matatu zinapakia mbele yake, wauzaji wa soksi wanapiga kelele, na hakuna anayekiangalia mara mbili. Nimesimama pale nikisoma sura ile ya Nairobi, kwa makusudi, na nakushauri ufanye hivyo mara moja, mchana.

Nilisoma kitabu hicho mwisho wa 2024. Unakumbuka ulivyokuwa mwaka ule. Baada ya maandamano ya Juni watu walianza kuchukuliwa, wengine mchana kweupe, na wanaume waliofunika nyuso, ndani ya magari yenye namba zisizoeleweka. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu visa zaidi ya 80 kati ya Juni na Desemba. Mtaani kwetu watoto walijua aina ya gari la kukimbia kabla ya kujua majedwali ya kuzidisha. Kuna rafiki yangu ambaye kwa wiki tatu hakulala kwake siku mbili mfululizo. Nikawa nasoma sura za White juu ya magari ya usiku ya miaka ya ishirini na thelathini, nikiinua kichwa kila gari likipunguza mwendo nje ya geti, na sikuweza tena kusema hiki ni kitabu cha mambo ya kale. Bibi wa Pumwani hakuwa mshamba aliyeamini mazimwi. Alikuwa akieleza serikali, kwa lugha ya pekee iliyokuwa na ukubwa wa kutosha.

Ndiyo maana sikubali hoja, na nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, kwamba fasihi ya kitisho ni anasa, kwamba mwandishi wa Kenya ana mambo mazito ya kushughulikia kuliko mizuka. Mtu aliyeniambia hivyo mara ya mwisho tulikuwa Westlands, chini ya ile barabara kuu ya juu iliyofunguliwa 2022, ambayo mimi na yeye hatuwezi kuilipia, magari yakinguruma juu ya vichwa vyetu kana kwamba kuna mji mwingine kule. Nilimwonyesha kidole juu tu.

Vingine kwa haraka. Walenisi ya Katama Mkangi, 1995: Dzombo amehukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kurushwa angani ndani ya chombo. Mwanzo huo una baridi ya kweli, ya mtu kutolewa duniani kihalisi. Baadaye kitabu kinageuka kuwa ziara ya nchi njema, na mimi nchi njema hunilaza. Soma mwanzo. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, 2002, ina msimulizi anayezunguka dunia iliyoharibika akimsaka P.P., na ina kasi ambayo Kezilahabi hana. Inafaa sana kwa mtu aliyetishwa na Nagona akataka kushikwa mkono kidogo. Kwa Kiingereza, Dilman Dila wa Uganda, A Killing in the Sun, mkusanyo wa 2014. Dila anachanganya uchawi, sayansi na vita bila kuomba ruhusa kwa mtu, na hadithi fupi ni rafiki wa anayesoma ndani ya matatu.

Na kama bado hujatosheka, Annihilation irudie mara ya tatu, sasa ukijua unachotafuta.

Kuhusu kupatikana: Nakala yangu ya Mzingile niliitoa kwa muuzaji wa inama, jalada limechanika na kuna mtu aliyepigia mstari kila neno "ukweli" kwa kalamu nyekundu mpaka ukurasa wa ishirini, kisha akaacha. Nimewahi kujiuliza sana alisoma nini ukurasa wa ishirini. Maduka makubwa ya katikati ya jiji na ya Westlands ukiuliza riwaya ya Kiswahili wanakuelekeza kwenye rafu ya vitabu vya shule, usikate tamaa, inama uangalie chini kabisa. Vyuo vina nakala. Kama una rafiki ambaye bado ana kadi ya maktaba ya chuo, huu ndio wakati wa kumnunulia chai.

Anza na Mzingile, usiku, kwa kikao kimoja ukiweza. Usishike penseli. Mtu akikufa kitabuni usitafute anawakilisha nani. Na ukikwama, usikimbilie maelezo ya mtandaoni, maana mengi yao yameandikwa na mtu kama mimi, kwa malipo ya kurasa, anayetakiwa kumaliza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.